UZI: Kitalu cha maua na miti ya mapambo ukanda wa Pwani (udongo, vipandikizi, maji ya chumvi, bei)

#1 KiribaNaKoleo

Wadau, maswali ya kitalu cha maua yamekuwa yakirudi rudi humu, majibu yametawanyika. Nayaweka hapa pamoja. Nazungumzia kitalu cha kuuzia, Dar na Pwani kwa ujumla. Wa Moshi, Arusha na Lushoto waongeze ya kwao, maana baridi inabadilisha mambo mengi.

Naanza na hesabu kwa sababu ndiyo inayowaangusha watu kabla hata ya wadudu. Anayeanza huhesabu vipandikizi alivyochomeka. Chukua 1,000 vya bogenvilia. Vikitoa mizizi 70 katika kila 100, una 700. Ukivihamishia kwenye viriba (mifuko ya nailoni ya kukuzia miche) ukapoteza moja katika kila kumi, una 630. Toa vilivyopinda, vilivyodumaa na vyenye tawi moja kama fimbo, tuseme 15 katika kila 100, umebaki na 535. Gharama ya vile 1,000 italipwa na hawa 535. Kama bei yako umeipata kwa kugawanya kwa 1,000, unauza kwa hasara huku unacheka na mteja.

Kiriba. Cha inchi 6 kwa 9 kikijazwa sawasawa kinabeba takriban lita 1.4. Ndoo ya lita 20 inajaza 14, mita moja ya ujazo inajaza kama 700. Tumia hesabu hii unapoagiza udongo, usikubali tu kuambiwa "tripu moja inatosha". Na kijazwe mpaka kibaki sentimita 1 au 2 juu. Kiriba kilichojazwa nusu mdomo wake unajikunja ndani, maji ya keni ya kumwagilia yanadunda nje, na baada ya wiki mbili utakuta mstari mzima umekauka wakati kijana anaapa amemwagilia. Amemwagilia kweli.

Mchanganyiko wa kawaida: madebe 3 ya udongo mwekundu wa tifutifu, 2 ya samadi ya ng'ombe iliyoiva, 1 ya mchanga wa mto. Huu ni wa mwenye udongo wenye mwili. Udongo wa Kigamboni au Mbagala tayari ni kichanga, ukiongeza mchanga maji hayakai. Hapo toa mchanga kabisa, ongeza samadi au kumbi za nazi. Kipimo: lowanisha kidogo, finyanga kwenye kiganja, fungua. Ukishikana halafu ukavunjika ukiugusa kwa kidole, uko sawa. Ukibaki donge, mizizi itakosa hewa. Ukimwagika wenyewe, utamwagilia mara tatu kwa siku.

Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono katikati ya lundo, haina harufu kali na huwezi kutambua majani ya malisho ndani yake. Ya kuku iliyo mbichi inaunguza mizizi, miche inaanza kukauka ncha za majani ndani ya siku chache, na huko hakuna dawa.

Maji: kiriba cha 6 kwa 9 kipindi cha joto kinataka kama mililita 200 kwa siku. Viriba 5,000 ni lita 1,000 kila siku, bila kuhesabu ya kuosha na kupulizia. Kama huna tenki la siku mbili, mgao mmoja wa maji mwezi wa pili unakumaliza.

#2 mama_wa_duranta

Asante sana mkuu. Mchanga wa pwani nikiuosha siwezi kutumia? Uko karibu na wa bure. Na kumbi nazo zinaachwa hovyo Mkuranga huko.

#3 KiribaNaKoleo

Dada, mchanga wa pwani una mambo mawili. Chumvi unaweza kuiosha. Vipande vya matumbawe na makombe huwezi, na hivyo ni chokaa. Chokaa inapandisha pichi (pH, kipimo cha uchachu) ya udongo, chuma kinajifunga, mmea haukioni hata kama kimejaa. Mmea wa kwanza kulalamika ni iksora. Majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani. Watu wanaongeza yurea wakidhani ni njaa ya naitrojeni, na tatizo linabaki palepale. Tofauti ni hii: njaa ya naitrojeni inaanzia majani ya zamani ya chini, ya chuma inaanzia majani machanga ya juu.

Sumu nyingine kwa iksora ni saruji. Ukiipanda kando ya ukuta uliopigwa lipu juzi, mabaki ya saruji kwenye udongo yanafanya kazi ileile. Mwambie mteja kabla hajalipa, maana akirudi atasema umemuuzia mche mgonjwa.

Ukinunua chuma cha kutibu, soma lebo. Chenye EDTA kinapoteza nguvu pichi ikipita 6.5 hivi. Chenye EDDHA kinafanya kazi hata kwenye udongo wa chokaa, ni ghali lakini ndicho kinachofaa Pwani.

Kumbi ni nzuri sana, ila mti unaomea karibu na bahari unabeba chumvi hadi kwenye kumbi, na mafundi wengine huzilowesha kwenye maji ya bahari ili zilainike. Chambua, loweka usiku kucha kwenye maji baridi, mwaga, rudia mara tatu. Pima maji ya mwisho yanayotoka kwa kipima EC, yaani kipima chumvi ya maji. Yasiwe na chumvi kama maji ya kisima cha Mbezi, ndiyo maana yake.

#4 Fundi_Bomba77

Na hicho kisima chenyewe? Watu wengi Dar tunatumia visima.

#5 KiribaNaKoleo

Nunua kipima EC, ni kifaa cha mkononi kama kalamu. Chini ya 0.75 (mS/cm) mwagilia kila kitu bila wasiwasi. Kati ya hapo na 1.5 mimea mingi ya Pwani inavumilia, ila iksora, feni (ule mmea, fern) na miche michanga itaungua kingo za majani. Zaidi ya 1.5 changanya na maji ya mvua au ya bomba, au badilisha unachokuza: bogenvilia, adeniamu, minazi, mkonge wa mapambo na oleanda vinastahimili.

Kosa kubwa la wenye maji ya chumvi ni kumwagilia kidogo kidogo mara nyingi. Maji yanavukizwa, chumvi inabaki, kila siku unaongeza. Mwagilia kwa kushiba mpaka maji yatoke chini ya kiriba, kama sehemu moja kati ya tano itoke, ndiyo inabeba chumvi. Na usimwagie juu ya majani jua likiwa kali.

#6 Mpogoaji_Moshi

Nichangie upande wa bogenvilia, maana ndiyo inayouzwa kuanzia Mtwara hadi Bukoba.

Kata tawi lililokomaa nusu, unene wa penseli, lisilo na maua. Tawi lenye maua limeshatumia akiba yake. Urefu sentimita 15 hadi 20, macho (sehemu za kuchipulia) 4. Kata ya chini iwe chini kidogo ya jicho, ya juu iwe ya mshazari ili usije ukachomeka kichwa chini. Likichomekwa kinyume halioti. Toa majani yote ya chini, acha mawili ya juu, yakiwa makubwa yakate nusu. Kata asubuhi mapema, weka kwenye gunia lililoloweshwa, chomeka siku hiyohiyo.

Chomeka kwenye mchanga wa mto uliooshwa, au mchanga na maganda ya mpunga yaliyochomwa, nusu kwa nusu. Yachome yawe mkaa mweusi. Yakifika kuwa jivu jeupe yameharibika, yanakuwa na magadi. USICHOMEKE kwenye udongo wenye samadi. Kidonda kibichi na samadi ni kuoza tu. Kwenye mchanga hakuna chakula, na kipandikizi hakihitaji chakula mpaka kiwe na mizizi.

Dar wiki 6 hadi 8. Moshi kipindi cha baridi inaweza kufika 12. Kuchipua majani si dalili ya mizizi! Yanachipua kwa akiba ya mti. Watu wanahamisha wakiona majani mawili, kesho yamelala.

Mizizi ya bogenvilia ni dhaifu kama vermiseli zilizopikwa. Usivute. Ingiza kijiti chini, inua na mchanga wake, weka kwenye kiriba, mimina udongo pembeni, usishindilie kwa kidole gumba, maji yatashindilia. Kivuli wiki mbili, kisha jua.

#7 mama_wa_duranta

Homoni ya kuotesha mizizi ni lazima? Kuna wanaosema asali, wengine utomvu wa shubiri, wengine mdalasini.

#8 Mpogoaji_Moshi

Duranta, haibiskasi za kawaida, akalifa, koliasi hazihitaji chochote, zinaota hata ukizitupa. Duranta ya njano inatoa mizizi wiki 3 hadi 4. Kwa bogenvilia, hasa zile za rangi nyeupe na zenye maua yaliyojazana ambazo ni ngumu, homoni inaleta tofauti.

Asali na mdalasini vinapunguza vijidudu kwenye kidonda, havitengenezi mizizi. Shubiri sitamkataza mtu, lakini huwezi kuipima, leo kali kesho hafifu.

Homoni ya kweli ni IBA. Ya unga ya dukani inatosha kwa kitalu kidogo: chovya sentimita 1 ya chini, kung'uta iliyozidi, toboa shimo kwa kijiti kwanza ndipo uchomeke, la sivyo mchanga unaifuta yote. Mimina unga kidogo pembeni ndio uchovyee, usichovyee ndani ya chupa. Ukiingiza vijiti vyenye unyevu kwenye chupa, chupa nzima imeharibika.

Anayefanya maelfu anunue IBA safi. Haiyeyuki kwenye maji matupu. Gramu 1 iyeyushe kwenye mililita 250 za spiriti, kisha ongeza maji mililita 250. Hapo una 2,000 ppm (sehemu kwa milioni), inatosha kwa iksora na bogenvilia rahisi. Ngumu peleka hadi 4,000, yaani gramu 2 kwa kiasi kilekile. Chovya sekunde 5, acha spiriti ikauke, chomeka. Ukichovya dakika nzima unaunguza.

#9 Kitalu_Cha_Fito

Nipinge kidogo hapo. Watu wanahangaika na homoni wakati unyevu wa hewa ndio tatizo. Kipandikizi hakina mizizi, kinapoteza maji kwa majani, hakina pa kuyapata.

Tengenezeni hema la nailoni. Kitanda cha mita 1 kwa 3, pembeni matofali au mbao, ndani chini nailoni nyeusi isiyotoboka. Juu yake mawe, kisha kokoto, kisha mchanga sentimita 10 ambao ndio unachomekea. Mwaga maji yajaze kwenye mawe lakini yasifike kwenye mchanga, weka bomba fupi la kuchungulia kina. Fito au mianzi kwa upinde wa sentimita 60, nailoni nyeupe inayopitisha mwanga juu, ifungwe pande zote. Na hema lote liwe chini ya kivuli, neti ya kivuli ya asilimia 70 au makuti. Hema la nailoni kwenye jua la Dar ni jiko, unapika vipandikizi.

Halina umeme, halina pampu. Fungua asubuhi tu, nyunyizia maji laini, ondoa majani yaliyoanguka maana ndipo ukungu wa kijivu unaanzia, funga.

#10 Mpogoaji_Moshi

Sikatai mkuu, kwa iksora na krotoni hema ni lazima. Ila bogenvilia ndani ya hema lililofungwa muda wote zinaoza weusi kutoka chini. Hizo ziache kwenye kivuli wazi, au pandisha nailoni saa chache kila siku.

#11 Kitalu_Cha_Fito

Hiyo ni kweli. Bogenvilia na adeniamu zisiingie humo.

#12 Shamba_la_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Huku twaita nasari, na viriba twaita karatasi, lakini jua ni lilelile.

Kuna mimea ya kwetu wenyewe ambayo ulimwengu umeipenda na sisi twaipita njiani. Zamioculcas, ile yenye majani mazito ya kung'aa inayokaa maofisini, ni ya pwani hii, Kenya hadi Zanzibar na kusini zaidi. Waholanzi ndio walioianza kuizalisha kibiashara miaka ya 1990. Jani moja dogo likichomekwa nusu kwenye mchanga wenye unyevu kidogo latengeneza kiazi, lakini lahitaji miezi mingi na mwaka waweza kupita kabla ya kuwa na mche wa kuuza. Njia ya haraka ni kugawanya viazi. Maji mengi ndiyo huiua. Mwambie mteja wa ofisini amwagilie mara moja kwa wiki mbili.

Adeniamu, waridi la jangwani: ukitaka lile tumbo nene la chini ambalo ndilo watu hununua, panda mbegu. Mbegu mbichi huota siku 5 hadi 10. Kipandikizi huota pia lakini hubaki mti mwembamba. Kila unapohamishia karatasi kubwa, inua mzizi sentimita 2 juu ya ulipokuwa, ndivyo tumbo linavyoonekana. Na utomvu wake ni sumu, tangu zamani hupakwa mishale. Glavu, na wala usiguse jicho. Vivyo hivyo kwa mimea ya jamii ya euforbia, tone moja jichoni ni hospitali.

Sasa onyo. Kuna watu wachimba Encephalartos mwituni, ile kama mnazi mfupi wenye majani makali, waziuza kwa wajenzi wa mahoteli. Encephalartos zote ziko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Usinunue kwa mtu asiyeweza kuonyesha imetoka nasari gani. Dalili ya iliyochimbwa: shina kubwa la miaka mingi, mizizi imekatwa kwa panga, karatasi mpya.

#13 Lushoto_Juu

Ongeza Saintpaulia hapo. Imetoka milima ya Usambara, Mjerumani Saint Paul aliipeleka kwao 1892, leo iko kwenye madirisha Ulaya na Marekani na hapa wengi hatuikuzi. Jani lenye kikonyo cha sentimita 3, kata mshazari, chomeka. Mizizi ndani ya mwezi, vitoto baada ya miezi miwili mitatu, na jani moja linatoa vitoto kadhaa. Maji yasiguse majani, yanaacha madoa. Dar inateswa na joto, ni ya huku juu.

#14 mgeni_mpole

Naomba msaada wa miashoki na mitende ya mapambo. Nimenunua mbegu za mwashoki kilo 5, nimepanda, miezi mitatu hakuna kitu.

#15 KiribaNaKoleo

Ulinunua zilizokauka. Mbegu ya mwashoki haihifadhiwi, ikikauka imekufa. Okota chini ya mti matunda yakiwa meusi, au zile popo walizozimenya usiku wakazidondosha (hao wanakufanyia kazi bure), osha nyama yote, panda ndani ya wiki mbili. Lalisha mbegu, funika kwa udongo wa unene wake mwenyewe tu. Panda moja kwa moja kwenye kiriba kirefu kwa sababu mzizi mkuu unashuka haraka, ukipinda kwenye kitanda mti utakuja kuegama ukubwani.

Mitende: areka okota matunda yakiwa ya njano ya machungwa, menya, loweka siku 2 ukibadilisha maji, zinazoelea tupa. Panda juu juu. Wiki 6 hadi miezi 3. Mnazi wa kifalme miezi 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi. Mbegu za mitende zinataka joto la nyuzi 29 hadi 35, kwa hiyo panda kuanzia Oktoba, ukipanda Juni zinalala. Zikiota majani mawili ndipo uhamishe, usiivunje mbegu iliyoshikana na mche, bado inanyonya humo.

#16 Fundi_Bomba77

Miche yangu ya krotoni imedumaa, nikimwagilia inanyauka mchana vilevile, mbolea nimeweka. Shida nini?

#17 Kitalu_Cha_Fito

Mkuu, usikisie kutoka juu. Toa kiriba kimoja, kichane ubavu, usome mizizi.

Mizizi myeupe yenye nywele: iko hai, tatizo liko kwenye maji au chumvi. Ya kahawia, ngozi inateleza ukivuta na kubaki uzi wa katikati: imeoza, umemwagilia sana au udongo hautoi maji. Yenye vinundu vinundu kama shanga zilizotungwa: minyoo fundo. Imezunguka chini kama kamba ya katani: kiriba kimepitwa na wakati, mche ulitakiwa kuhama miezi iliyopita. Na ukikuta udongo wa katikati mkavu kabisa wakati juu kumelowa, maji yanapita pembeni ya kiriba, loweka viriba kwenye beseni dakika 15.

Nabashiri yako ni minyoo fundo, maana inanyauka mchana hata ikiwa na maji. Ukiikuta, usiihamishie kwenye udongo mpya, unabeba ugonjwa. Choma.

#18 Fundi_Bomba77

Nimefungua vitano. Vinundu, vyote vitano. Tena kwenye kiriba kimoja kuna gugu la ndago.

#19 Kitalu_Cha_Fito

Vyote viwili vimekuja na udongo. Ndago ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani: kiazi kimoja kwenye kiriba cha mteja kinajaza bustani yake, na atajua kilitoka wapi. Kung'oa juu hakusaidii, viazi vinabaki vimeungana kwa kamba. Usiuze kiriba chenye ndago, hata kwa bei ya kutupa.

Dawa ni kutibu udongo kabla. Njia mbili.

Jua: lowanisha udongo, tandaza unene usiozidi sentimita 15 juu ya nailoni, funika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, bana kingo kwa mchanga, wiki 4 hadi 6 kipindi cha jua kali. Nyeusi haifanyi kazi vizuri, inapata joto yenyewe badala ya udongo. Jua linamaliza minyoo na kinyausi (ugonjwa wa kuoza shina la miche michanga), lakini ndago inaweza kuvumilia, kwa hiyo chekecha udongo kwanza utoe viazi.

Mvuke: pipa la lita 200, matofali chini, wavu juu yake, maji chini ya wavu, gunia, kisha udongo uliolowa kiasi. Weka kiazi mviringo katikati ya udongo. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Kinachotakiwa ni nyuzi 82 kwa dakika 30. Usizidishe masaa, udongo uliopikwa sana unatoa sumu ya amonia na manganizi. Uache siku kadhaa kabla ya kupanda.

Halafu usiweke viriba juu ya ardhi tupu. Mizizi inatoka chini, minyoo inaingia, mchwa nao. Tandika nailoni nyeusi au kokoto. Na sogeza viriba kila wiki 4 hadi 6, mizizi iliyotoka chini ikatike ikiwa bado midogo. Mche uliozamia ardhini mwaka mzima unapendeza kuliko wote, siku ya kuuza unaung'oa, baada ya siku tatu umekufa kwenye geti la mteja.

#20 mama_wa_duranta

Na hivi vyeupe vya unga unga kama pamba kwenye haibiskasi? Sisimizi wamejaa pia.

#21 Mpogoaji_Moshi

Vidugamba. Sisimizi wanawalinda kwa sababu wanalamba utamu wao, kwa hiyo usiposhughulikia sisimizi unarudi mwanzo. Kata ncha zilizojikunja, weka kwenye mfuko uliofungwa, usizitupe kando ya kitalu. Pulizia maji kwa nguvu chini ya majani, kisha sabuni ya maji mililita 5 hadi 10 kwa lita, au mafuta ya mwarobaini mililita 5 kwa lita na sabuni kidogo ili yachanganyike. Jioni. Rudia kila siku 7, mara tatu, maana mayai hayafi kwa sabuni. Jaribu kwenye miche michache kwanza, feni na baadhi ya majani laini yanaungua.

Ukifika kwenye dawa za dukani, angalia usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) kwenye lebo, na usipige dawa ileile msimu mzima.

#22 Bei_Halali

Mmezungumza kukuza, tuzungumze pesa. Watu wanauliza "areka wanauza ngapi barabarani" na kupunguza kidogo. Hivyo ndivyo unavyokufa. Unachouza ni nafasi na muda.

Mfano tu, weka takwimu zako: kodi, mlinzi, kijana, maji, dawa kwa mwezi ni 900,000. Nafasi ya kuweka viriba, ukiondoa njia, ni mita za mraba 150. Kila mita inakugharimu 6,000 kwa mwezi. Duranta zinakaa 25 kwa mita, miezi 4: 6,000 mara 4 gawanya kwa 25 ni 960 kila mche. Ukipoteza moja katika kumi, 1,067. Areka ya kiriba kikubwa zinakaa 6 kwa mita, miezi 18: ni 18,000 kila moja, na ukipoteza 15 katika 100 inafika 21,176. Hapo hujaweka kiriba, udongo, mbegu wala usafiri. Sasa linganisha na bei ya jirani yako. Huenda areka ununue kubwa kwa mtu wa shamba la mbali, ukae nayo mwezi mmoja, ukaacha nafasi yako kwa duranta.

#23 KiribaNaKoleo

Nakubali hesabu, sikubali hitimisho lote. Mteja anasimama kwa sababu ameona mitende mikubwa. Duranta tupu hazimsimamishi mtu mwenye gari. Weka chache mbele, kama mabango.

#24 Bei_Halali

Chache sawa. Ziwe 20, zisiwe 400.

Kingine, walio kwenye hifadhi ya barabara: barabara kuu hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Unaweza kuambiwa uondoke wakati wowote, kwa hiyo usijenge tenki la zege hapo, na kitalu cha kukuzia kiwe pengine. Pale pawe pa kuonyeshea.

Zabuni za mahoteli na majengo: andika kwenye nukuu ya bei kimo cha mche kutoka mdomo wa kiriba, ukubwa wa kiriba, idadi ya matawi. Usiandike "mkubwa", kila mtu ana kubwa lake. Uzio wa duranta mita 20, safu moja kila sentimita 30 ni miche 67; safu mbili za kupishana kila sentimita 40 ni 100. Ongeza 5 katika kila 100 za kufidia. Malipo ya awali nusu. Dhamana ya mwezi mmoja utoe tu kama wewe ndiye unayepanda na kumwagilia, vinginevyo dhamana iishie mche unaposhushwa kwenye gari.

#25 mgeni_mpole

Swali la mwisho, nina oda ya bogenvilia 300 Bagamoyo, wanataka ziwe na maua siku ya kukabidhi, katikati ya Agosti. Nifanyeje na nizipakie vipi?

#26 Mpogoaji_Moshi

Una bahati na mwezi. Pogoa mwishoni mwa Juni, wiki 6 hadi 7 kabla. Baada ya kupogoa wiki mbili mbolea ya NPK 17:17:17, gramu 20 kwa maji lita 20, loweka usiku maana chembe zake haziyeyuki zote, chuja, mwagilia mara moja kwa wiki. Machipukizi yakifika sentimita 15, acha mbolea, punguza maji. Subiri majani yaanze kulegea ndipo umwagilie kidogo. Hicho kiu ndicho kinachotoa maua. Ziwe jua kutwa, chini ya neti utapata majani tu.

#27 Kitalu_Cha_Fito

Kupakia: mwagilia jioni ya kuamkia safari, siyo asubuhi, kiriba kilicholoa chepechepe kinapasuka. Shika kiriba chini, usiinue kwa shina, ile mizizi dhaifu inakatika ndani na hutaona mpaka wiki ijayo. Panga zikiwa zimesimama na kubanana, pembeni weka magunia. Funika juu kwa neti ya kivuli na siyo turubai, turubai linapiga joto. Upepo wa gari ndio unaoangusha maua kuliko jua, kwa hiyo ondokeni saa kumi na mbili asubuhi na dereva asikimbie. Beba 315, kumi na tano zitadondosha maua njiani.